Tulichobandika Ukutani Baada ya Chanjo

Nimestaafu. Najua mtacheka, kwa sababu sijafika miaka thelathini na sina hata unywele mmoja mweupe, ingawa kila asubuhi huutafuta. Mkataba wangu katika chumba cha rekodi umekwisha, haukuongezwa, na hakuna aliyenikatia keki wala kunikabidhi saa ya ukutani. Lakini wazee wakiondoka kazini huandika mambo yao ili wanaobaki wayasome, na sijaona sheria inayosema ni lazima mtu awe na mvi ndipo aandike. Nimeitafuta sheria hiyo. Mimi ni mtu wa kutafuta.

Ninawaandikia ninyi mnaoingia chumba kile sasa. Hospitali yenyewe siitaji. Iko pwani ya kusini, mahali fulani kati ya Tiwi na Msambweni, na mkitaka kukisia, nafasi ni kubwa. Ninalotaka kulisema ni hili: watu wana haki ya kujua watoto wangapi hulazwa baada ya chanjo, na anayewaambia kwamba hawataelewa, mwulizeni yeye mwenyewe ameelewa nini. Nilipokuwa kazini nililisema hilo kwa sauti ya kutetemeka. Maandishi hayatetemeki, basi leo nalisema vizuri zaidi.

Siku ya kwanza nilifika mapema mno. Wazazi wangu walitoka Ukambani kuja kufanya kazi kwenye hoteli za Diani, baba jikoni, mama kwenye kufua, nami nilizaliwa Ukunda; najua adabu za hapa. Hata hivyo nilisimama mbele ya mlango wa rekodi nikiwaza jinsi ya kusalimu. Nikisema shikamoo, huenda mwenye chumba si mzee na atajihisi nimemzeesha. Nikisema habari za asubuhi, huenda ni mzee na ataniona sikulelewa. Nilikuwa bado napima mlango ulipofunguka.

"Hodi hupigwa kwa mdomo, mwanangu," alisema mzee mwembamba mwenye kofia ya viua. "Haipigwi kwa kusimama."

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye wa takwimu? Karibu. Kiti hicho kina mguu mbovu, ukikalie kwa heshima."

Huyo ndiye Bwana Mwachiti, Mdigo wa Tiwi, aliyeanza kazi hospitali ikiwa na taipureta moja na paka wawili wa kulinda mafaili. Kila ninachokijua kuhusu kazi hii kilitoka kwake. Chuo kilinifundisha mengine. Alinionyesha rejista ya wodi ya watoto, kitabu kirefu cha mistari chenye jalada la kitambaa, na jinsi ya kuhamisha yaliyomo kwenda kwenye kompyuta bila kuruka mstari: rula chini ya mstari unaousoma, kidole hakitoshi, kidole huteleza. Akanifundisha pia kanuni yake moja ambayo hakuwahi kuilegeza. Ukikosea, usifute. Usipake ile rangi nyeupe. Piga mstari mmoja tu juu ya kosa, uandike lililo sahihi pembeni, utie sahihi.

"Kwa nini mstari mmoja?" nilimwuliza.

"Ili la chini lisomeke. Anayekuja baada yako aone ulikosea wapi. Ukifuta, atadhani ulizaliwa unajua."

Nilitumia wiki nzima nikiwaza unene wa mstari huo. Yeye alitumia kalamu ya wino wa bluu, na hakuwaza.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Kompyuta mbili, moja ikiwa na kitufe cha herufi moja kilichozama ambacho lazima ukibonyeze kwa ncha ya kalamu. Feni ya mezani iliyopeperusha karatasi, hivyo kila karatasi ilikaliwa na kopo la dawa lililojaa kokoto. Na dirisha dogo la kuhudumia watu, lenye kizingiti cha mbao kilichong'aa kwa viwiko. Fanyeni urafiki na dirisha hilo. Katika kazi hii watu wote watakaowafundisha jambo la maana watakuja upande ule mwingine wa dirisha.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu, maana najua ndiyo mnayoingojea, na mmeshaisikia kwa namna ambazo mimi mwenyewe siitambui.

Mwaka ule kampeni ya chanjo ya surua ilikuja siku chache kabla ya Idi, mvua za masika zikiwa zimeshaanza. Wahudumu wa afya wa vijijini walipita nyumba kwa nyumba na wauguzi, wenye visanduku vya baridi mabegani. Mtoto aliyechomwa sindano alipakwa wino mweusi usiofutika kwenye ukucha wa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ili timu inayofuata isimchome mara ya pili. Mhudumu wa Bongwe alikuwa Bi Mwanasha, mama mpana, mcheshi, mwenye sauti inayotangulia kufika. Alizijua nyumba zote za kwao na mbwa wao. Watoto walimkimbia wakicheka, kisha wakarudi wenyewe na vidole vimenyooshwa.

Baada ya Idi wodi ya watoto ikajaa. Masika huijaza kila mwaka, kwa sababu ya malaria. Lakini safari hii watu walikuwa na sindano ya kuikumbuka. Mtoto akipata homa akashikwa na degedege, jirani aliuliza kwanza, "Alichomwa?" Na maneno yakatembea, kutoka Bongwe hadi Tiwi, na kutoka Tiwi hadi sokoni Ukunda, kwamba chanjo ile inaleta degedege na hospitali inajua na inaficha.

Bi Mwanasha alikuja dirishani asubuhi moja. Hakuja na sauti yake.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kitu kimoja tu. Watoto wangapi wamelazwa hapa tangu ile kampeni, na katika hao, waliochanjwa ni wangapi na wasiochanjwa ni wangapi. Nikawaambie."

Nilizijua hesabu zile. Zilikuwa kwenye kompyuta, hatua mbili kutoka kwenye kiwiko changu. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba takwimu ni za matumizi ya ndani, basi nikamwambia hivyo.

"Ndani ya wapi?" akauliza. "Mimi ndiye niliyebisha hodi. Jana kulikuwa na arusi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Toka niolewe Bongwe hakijapikwa chakula cha shughuli pale bila mimi kuitwa kukuna nazi. Jana nilisikia mbuzi za kukunia zinakwaruza nazi, nikakaa uani kwangu nikizisikiliza. Hawakuniita. Wananiambia nimewachoma watoto wao sumu, na mimi sina la kujibu, kwa sababu jibu liko ndani."

Kwa msiohusika na pwani hii: kuna adhabu nyingi mtaa unazoweza kumpa mwanamke, lakini kutoitwa kwenye shughuli ni kumwambia kwamba hayupo. Na alikuwa anaadhibiwa kwa kazi yetu.

Nilikaa na jambo hilo kwa siku kadhaa. Nilitengeneza jedwali la kuonyesha watu, nikalivunja, nikalitengeneza tena. Kwanza niliweka vijiji. Kisha nikaona kwamba nikiandika msichana wa miaka miwili, Bongwe, degedege, jina sikulitaja lakini kijiji kizima kimeshamjua na mama yake. Nikaviondoa vijiji. Umri nikaupanga kwa makundi mapana. Penye watoto wachache mno niliandika neno "wachache" badala ya idadi. Kaka zangu, shikeni hapo, na dada pia: haki ya umma kujua haijawahi kudai jina la mtoto wa mtu. Wanaosema haiwezekani kutoa moja bila kutoa lingine hawajajaribu kulikalia jambo hilo usiku na mchana kama nilivyolikalia mimi. Kuwa na wasiwasi kuna faida yake.

Nikampelekea Daktari, mkuu wetu, mtu wa bara, si mbaya, aliyekuwa amechoka.

"Karatasi hii unataka kuipeleka wapi?"

"Ukutani, Daktari. Pale kwenye benchi la kliniki ya watoto."

"Ukutani." Alilirudia neno kana kwamba nimesema baharini. "Wewe si umesoma? Unajua watu wa hapa watafanya nini nayo?"

"Wataisoma."

"Wataielewa vibaya!"

"Daktari, wameshaielewa vibaya na bado hawajaiona."

Jibu hilo nililifanyia mazoezi bafuni, sitaki mdhani lilinitoka tu. Halikusaidia. Aliirudisha karatasi kwenye bahasha, akaniambia nimalize ripoti za mwezi.

Aliyenisaidia ni Bwana Mwachiti, bila kuinua macho kwenye faili. "Wewe ukiomba, ni mfanyakazi anasumbua," alisema. "Raia akiomba, ni Katiba inasumbua. Kila raia ana haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Mwite yule bibi aombe kwa maandishi, aache nakala na muhuri wetu wa kupokea. Kisha tukae tunywe chai."

Bi Mwanasha akaomba. Hakuomba peke yake. Alikuja na akina mama kadhaa wa kutoka Tiwi na Diani ambao hawakumpenda hata kidogo siku hizo, lakini walitaka kujua. Daktari akakaa na barua ile muda wa kutosha, akaita wakubwa zake, wakubwa zake wakamwambia atumie busara, maneno ambayo maana yake ni kwamba wao hawatatia sahihi. Mwishowe akaniita.

"Weka. Lakini jina lako liwe chini yake. La hospitali usiweke."

Alitegemea nitaogopa. Niliogopa. Nikaliandika kwa herufi kubwa.

Tuliibandika siku ya kliniki, asubuhi, karatasi ya manila yenye safu za rangi. Kijani waliochanjwa, manjano wasiochanjwa, wasichana upande mmoja, wavulana upande wa pili. Chini, kwa Kiswahili kilichonyooka, sababu za kulazwa. Na hapa ndipo niliposikia moyo unashuka, ingawa nilizijua namba zangu, kwa sababu namba zikiwa kwenye kompyuta ni zako na zikiwa ukutani zinakutazama. Safu ya kijani ilikuwa ndefu kuliko ya manjano. Na kwa wasichana ilikuwa ndefu kupita kiasi.

Jambo hilo la wasichana nilikuwa nimeliona mapema. Nilirudia hesabu hadi macho yakauma. Rejista ya mapokezi ilisema hivyo, rejista ya wodi ilisema hivyo, kompyuta ilisema hivyo. Sikuwa na maelezo, na sikuwa tayari kuacha kuweka ukutani kile ambacho sikukipenda. Ukichagua za kuonyesha, hujaonyesha.

Kufikia saa nne benchi lilikuwa limewaka. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakapiga picha kwa simu.

"Si tulisema? Tazama kijani hicho!"

"Na wasichana, jamani! Wasichana ndio waliolengwa. Sindano ya kuwafunga uzazi hiyo, wenye akili tulijua."

"Wameiandika wenyewe, haya, nani atabisha tena?"

Bi Mwanasha alisimama mbele ya karatasi kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia, hakupaza sauti, nami ningependa angepaza.

"Umenimaliza, mwanangu."

Daktari naye akatoka ofisini. "Toa," aliniambia. "Toa sasa hivi. Nilikwambia."

Kuna watu wanaopenda kusema kwamba mimi ni jasiri. Si kweli. Lakini nilijua kitu kimoja. Tukiitoa ikiwa imewatisha, basi picha zile za simu zitabaki peke yake duniani, na hakutakuwa na mtu wa kuulizwa. Nikaleta kile kiti chenye mguu mbovu, nikakiweka chini ya karatasi, nikakikalia.

"Sitoi, Daktari. Nitakaa hapa mpaka benchi liishe. Mwenye swali aulize."

Alinitazama, akatazama benchi zima lililokuwa linamtazama yeye, akarudi ndani. Wakaja mmoja mmoja. Waliniuliza kama namjua Mungu. Waliniuliza nimelipwa na nani. Mmoja aliniuliza kama nimeolewa, na nikakosa kuelewa uhusiano, lakini nikajibu. Kisha akaja mama kijana wa Tiwi aliyeitwa Mama Rehema, mwenye mtoto wa kike mgongoni na buibui limekunjwa hadi kiunoni kwa joto.

"Mimi nina swali la kijinga," alisema.

"Hakuna la kijinga."

"Lipo, ngoja ulisikie. Mlijuaje?"

"Tulijuaje nini?"

"Huyu kachanjwa, huyu hakuchanjwa. Maana mimi nilipomleta huyu wangu kulazwa, sikuulizwa. Kijitabu chake cha kliniki nilikiacha nyumbani, nilikuja mbio usiku na mtoto ananitetemekea mikononi. Nani aliwaambia?"

Nikamweleza, kwa fahari kidogo, utaratibu wa mapokezi. Mama wengi hufika bila kijitabu, hasa mtoto akiwa na degedege. Ukimwuliza mama aliyepagawa kama mtoto kachanjwa, atajibu ndiyo ili asigombezwe. Basi wauguzi walikuwa wanatazama kidole. Ukucha wa kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, ukiwa mweusi, wanaandika ndiyo. Ukiwa safi, wanaandika hapana. Haraka, na haina ugomvi.

Mama Rehema aligeuza shingo akamtazama mtoto mgongoni. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu mwili mzima, hadi mtoto akaamka. Akamshusha, akaushika mkono wa kushoto wa yule mtoto, akanipa kidole cha mwisho. Ukucha ulikuwa mweusi tititi.

"Hiki mliandikaje?"

"Ndiyo. Amechanjwa."

"Huyu hajachanjwa! Timu ilipopita kwetu sisi tulikuwa Lungalunga arusini. Hii ni piko, dada wee! Piko ya Idi!"

Piko, kwa msiojua, ni ile rangi nyeusi ambayo akina mama hujipamba nayo mikono pamoja na hina siku za Idi na arusi. Msichana mkubwa hutulia akachorwa maua hadi kwenye kiwiko. Mtoto mchanga hatulii. Basi hupakwa ukucha mmoja tu, wa kidole cha mwisho, ili naye asikose Idi yake. Na kwa kuwa mama hushika kalamu ya piko mkono wa kulia na mtoto amempakata, kidole kinachofikika kwa urahisi ni cha mkono wa kushoto.

"Mbona hamkusema?" nikauliza.

"Tuseme ili iweje? Nesi wenu si alitugombeza hapahapa, kwamba piko ni sumu kwa mtoto mchanga, atakayempaka asimlete? Nilipomwona anatazama kidole nikajua nimekamatwa. Alipokaa kimya akaandika, nilimshukuru Mungu!"

Benchi lote likasikia. Mama mmoja akainua mkono wa mwanawe. Akafuata mwingine. "Na huyu wangu piko." "Wangu kachanjwa kweli, lakini kapakwa vilevile, sasa huyo mtamwandika mara mbili?" Kicheko kikapita toka mwanzo wa benchi hadi mwisho wake. Wasichana. Wote wasichana. Mimi niliyezirudia hesabu hadi macho yakauma, nilizirudia vizuri sana. Rejista zote zilikubaliana kwa sababu zote zilitazama kidole kilekile.

Wapo wanaoniambia mpaka leo kwamba ningehakiki kwanza ndipo nibandike. Ningehakiki kwa kitu gani? Na nani? Jibu halikuwa kwenye karatasi yoyote ya hospitali ile. Lilikuwa limekaa kwenye benchi, limefichwa kwa sababu tulilifokea. Siombi radhi. Kama tungeifungia ndani, ripoti ile yenye kosa ingepanda juu, ngazi kwa ngazi, ikitiwa mihuri, na hakuna hata mmoja wa waliotia mihuri ambaye angewahi kupaka mtoto piko.

Daktari alitaka tuitoe ile karatasi sasa, maana imeshajulikana ni kosa. Bwana Mwachiti ndiye aliyekuja na kalamu ya bluu. Akanipa mimi. Nikapanda kiti, nikapiga mstari mmoja juu ya safu ya kijani, mmoja juu ya manjano, zikibaki kusomeka chini yake, nikatia sahihi mbele ya watu wote. Pembeni nikaandika: tulitazama vidole, tukachanganya wino na piko, leteni vijitabu.

Wakavileta. Siku za kliniki zilizofuata tuliweka meza chini ya ukuta, na aliyekaa mezani alikuwa Bi Mwanasha. Hilo nililipanga mwenyewe, na nililiwaza mara nyingi kabla ya kulisema, kwa sababu wangeweza kumpita. Wa kwanza walimpa vijitabu bila kumtazama. Yeye akafungua, akasoma, akaita kwa sauti yake ile ya zamani: "Huyu kachanjwa, aandikwe. Huyu hakuchanjwa, mama, mlikuwa wapi nilipobisha, mlijificha chooni? Nilisikia mtu anakohoa!" Kufikia siku ya tatu walikuwa wanambishia na kucheka. Waliopoteza vijitabu tuliwaandikia safu mpya kabisa, rangi ya kijivu, yenye neno moja: Hatujui.

Hiyo safu ya Hatujui ndiyo kazi ninayojivunia kuliko shahada yangu. Fomu ya mapokezi ilikuwa na ndiyo na hapana peke yake, na mtu aliyebanwa kati ya ndiyo na hapana atatafuta kidole cha kumwokoa. Wakija kuwaambia muiondoe kwa sababu inaifanya hospitali ionekane haijui, wajibuni kwamba haijui. Msikubali. Ninyi ndio mnaoshika kalamu.

Namba zenyewe sizirudii hapa. Nitasema tu kwamba baada ya marekebisho wasichana na wavulana walilingana, kilichojaza wodi kilikuwa malaria kama masika yaliyotangulia, na waliochanjwa hawakuwazidi wenzao. Walikuwapo watoto wachache waliopata homa kwa ajili ya sindano yenyewe, wakalazwa, wakaruhusiwa. Daktari aliuliza kama ni lazima hao tuwaandike. Tuliwaandika. Akina mama waliisoma sehemu hiyo, na hakuna aliyekimbia. Mmoja alisema, "Kumbe mnaweza kusema," akaketi mpaka zamu yake ifike.

Karatasi zote mbili zilibaki ukutani, iliyokatwa na iliyorekebishwa, na kila mwezi tuliongeza nyingine. Mkataba wangu ulipofika mwisho niliambiwa nafasi imefanyiwa mabadiliko. Wiki yangu ya mwisho ukuta ule ukapakwa rangi, na karatasi zikaondolewa kwa muda. Neno "kwa muda" nilikaa nalo nyumbani Ukunda, nikaliwaza kwa pande zake zote.

Bwana Mwachiti ndiye aliyenipigia kunihadithia. Siku ya kliniki akina mama waliketi wakitazama ukuta mweupe. Mama Rehema akamwuliza muuguzi, "Ile yetu iko wapi?" Hakusema yenu. Muuguzi akasema hajui. Wakasema watangoja. Wakangoja na watoto wanalia, hakuna aliyepanga foleni ya mizani, mpaka Daktari mwenyewe akamwita fundi wa rangi azirudishe. Fundi akazibandika kwenye rangi mbichi. Zimekauka pamoja na ukuta. Sasa atakayetaka kuzitoa, itabidi avunje plasta.

Jumamosi iliyopita Bi Mwanasha alinijia nyumbani, ananuka vitunguu na moshi, kanga imelowa kifuani.

"Shikamoo. Umetoka wapi hivyo?"

"Marahaba. Nimeitwa!" Alijitupa kwenye kiti. "Nyumba ya tatu, haohao, wanamwoza mtoto wa pili. Toka alfajiri nakuna nazi, mgongo sina, mikono sina. Na walivyo na kiburi hata pole hawajasema, wamenipa tu mbuzi ya kukunia na nazi gunia zima."

"Umefurahi?"

"Nimefurahi kama mwehu. Tazama." Akainua mkono wa kushoto mbele ya macho yangu. Mkono mzima ulikuwa mtupu, ila ukucha wa kidole cha mwisho, mweusi, ungali unang'aa. "Wamenipaka wale washenzi, wanacheka. Wakasema nenda kamwonyeshe yule wako wa takwimu. Haya, niandike. Nimechanjwa."

"Kijitabu unacho?"

"Kijitabu! Mtu mzima na wajukuu?"

"Basi huna bahati, Bi Mwanasha," nilimwambia. "Nakuandika Hatujui."